Ukurasa wa Umeme

Fundi cherehani wa chini ndiye aliyenipa habari hizo, pini tatu zikiwa mdomoni. Alisema yule mwanamke wa chumba cha mwisho ghorofani kamficha mume kiziwi.

“Wewe umehamia juzi, mama Bonge, huwezi kujua,” aliniambia, huku akipima sketi yangu kwa macho tu. “Sisi tumemsikia miaka. Utasikia anasema, chomeka. Kimya. Umeona taa? Kimya. Haya, chomoa tuanze upya. Sasa anaongea na nani?”

“Labda na simu.”

“Simu gani inafundishwa kuchomeka kutwa? Ni mume, nakwambia. Tena kiziwi, ndiyo maana hajibu. Kamfungia ndani asije akaibiwa.” Akacheka, pini moja ikaanguka, akaniambia nimdake mtoto kabla hajaiokota.

Bonge ni mwanangu. Jina la cheti analo, lakini kwa mashavu yale hakuna anayelitumia. Wakati huo alikuwa na miezi kumi, anatambaa kama anafukuzwa, na kila alichokiona lazima kipite mdomoni kwanza. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa. Anaondoka wiki tatu, anarudi siku nne, na katika hizo nne mbili ni za kulala. Akiwa njiani hupiga simu, anauliza mtoto amekula nini, mtandao unakata. Kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi wa kusikiliza kuta.

Ukuta wa kitanda changu ndio uliokuwa wa meza yake, basi mimi nilisikia zaidi ya fundi. Fundi alisikia maneno. Mimi nilisikia zile nafasi za katikati. Angesema, “Sasa bonyeza kitufe cha kuwashia,” halafu angenyamaza muda uleule ambao mtu angetumia kuinua kidole, kutafuta, kubonyeza na kusema tayari. Kisha anaendelea. Alikuwa anamwachia mtu nafasi ya kujibu, na mtu hakuwepo. Nilijua hakuwepo kwa sababu kiti kilichovutwa ni kimoja, na kwenye karo la nje aliosha sahani moja, kijiko kimoja, kikombe kimoja, akaviinamisha vikauke.

Watu wa jengo walimwita Waya. Mimi nilimwita Shangazi tangu siku ya kwanza, kwa ajili ya mvi zake, na hakunikataza.

Siku hiyo ya kwanza Bonge alinitoroka koridoni. Nilimkuta ndani ya chumba chake, ameketi sakafuni, ncha ya waya mdomoni. Mwenyewe amesimama kando, mikono kaiweka hewani, hajui mtoto anashikwa wapi.

“Haujachomekwa,” aliwahi kuniambia kabla sijapiga kelele. “Waya huo haujachomekwa popote. Nimehakikisha.”

Nikamtoa Bonge, nikafuta mate kwenye waya kwa kanga niliyojifunga, nikaomba radhi. Yeye alikuwa ananitazama kwa namna ya mtu anayetafuta saizi ya kiatu.

“Unajua kusoma?”

“Najua. Niliishia shule ya msingi.”

“Vizuri sana,” alisema, utadhani nimemtajia chuo kikuu. “Kompyuta umewahi kutumia?”

“Hapana, Shangazi.”

“Vizuri zaidi. Kaa.”

Ndivyo nilivyoajiriwa bila mshahara. Nilikaa kwenye kiti cha pili, ambacho kilikuwa na mto uliobonyea katikati. Chumba chake kilikuwa safi mpaka kinaogopesha. Kitanda kimetandikwa kama cha wodini, mapazia yamefungwa kwa utepe, na rafu nzima imejaa mafaili yenye karatasi zilizokunjwa. Akanionyesha. Unaijua ile karatasi nyembamba inayokuja ndani ya boksi la pasi, imekunjwa mara nane, mtu anaitupa kabla hata hajaitoa pasi yenyewe? Ile huandikwa na mtu. Shangazi alikuwa amekaa miaka kumi na tisa anaziandika: pasi, pampu za maji, majiko ya umeme, mashine za kupima presha.

“Nimeandika karatasi nyingi kuliko watu wa magazeti,” alisema. “Na zote zimefungiwa karanga.”

Safari hii kazi yake ilikuwa karatasi ya kompyuta, zile za kufunika kama kitabu. Wenyewe wanaziita kompyuta mpakato, kwa sababu unaipakata mapajani kama mtoto. Ofisi moja ilikuwa inazipeleka kwenye zahanati, wauguzi waandikie humo wajawazito na watoto badala ya kwenye daftari. Zilipelekwa sitini. Ishirini na mbili zikarudi, kila moja na kikaratasi: mbovu, haiwaki. Fundi wa ofisi akazifungua zote asione hata moja yenye ubovu. Zilikuwa na njaa tu. Betri zilikuwa tupu, zinasubiri kuchajiwa.

Mkubwa wa ofisi, kijana ambaye Shangazi angeweza kumzaa, alimpigia simu akamwambia basi ubovu uko kwenye karatasi. Kama watu hawawezi kuchaji kwa maelezo yake, ofisi itaacha maelezo na kuchapa picha juu ya boksi. Shangazi akaomba apewe mpaka Ijumaa auandike upya ukurasa mmoja tu, ule wa umeme.

“Nikiikosa hii sina nyingine,” aliniambia, macho yakiwa kwenye mafaili. “Wengine wote walishahamia kwenye picha.”

Aliniwekea kompyuta mezani, na ile karatasi ya zamani. Mstari wa kwanza ulisema: Hakikisha kifaa kimeunganishwa na chanzo cha nishati kabla ya matumizi. Niliusoma mara mbili.

“Umeelewa nini?”

“Chanzo nakijua cha mto, Shangazi. Na cha ugomvi.”

Hakucheka. Aliandika nilivyosema, neno kwa neno, akakata mstari wote. “Hayo ni maneno ya ofisini,” alisema. “Wanayapenda kwa sababu yamevaa tai.”

Kila siku saa nne asubuhi nikawa naenda, Bonge akiwa usingizini mgongoni. Kazi yake ilikuwa na sheria moja. Ananipa karatasi aliyoiandika jana, anakaa kwenye kiti chake, mikono anaikalia, na haongei. Mimi nasoma na kufanya kama ilivyoandikwa. Nikikwama anaweka alama mahali nilipokwama, na haniulizi kitu mpaka nimemaliza.

“Karatasi haina mdomo,” alisema nilipomlalamikia kwamba ananitesa. “Ikifika zahanati mimi sitakuwepo pembeni. Na ukikwama kosa ni langu, si lako. Hilo ulishike.”

Nilichelewa kulishika. Shuleni kwetu ukikwama kosa lilikuwa lako, na fimbo pia.

Siku ya kwanza nilikwama mara tisa. Sikujua kwamba waya wa chaji una vipande viwili, na kwamba lazima viungane kwanza kwenye kile kitofali cha katikati. Karatasi ilisema tu “unganisha chaji”. Siku ya pili nilikwama mara tano. Nilipofika kwenye maneno ya kuchomoa waya nikagoma kabisa, kwa sababu niliona nikichomoa kompyuta itazimika na kila kilichoandikwa kitapotea. Shangazi akaweka alama kubwa. Baadaye akanieleza kwamba kompyuta hiyo ina njia mbili za kupata umeme: wa ukutani, na ule uliowekwa ndani ya betri. Ukichomoa waya inahamia kwenye betri yenyewe, hata haishtuki.

“Kama huyu,” nikamwambia, nikamwonyesha Bonge. “Ukutani ndiyo kunyonya. Betri ndiyo maziwa yaliyoko tumboni. Nikimtoa kwenye titi haachi kupumua, ila baada ya saa mbili atanitafuta.”

Hapo alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani. “Nikiliandika hilo, yule kijana ananifukuza Alhamisi, hasubiri Ijumaa.” Lakini nilimwona akiandika, na kesho yake mstari ulikuwa hivi: Ukichomoa waya, kompyuta haitazimika. Itatumia umeme uliowekwa ndani ya betri. Umeme huo huisha baada ya saa chache. Chomeka tena kabla haujaisha. Niliusoma bila kusita. Yeye akazidi kuikalia mikono yake, ili asinipigie makofi.

Siku ya tatu nilimwambia habari za mume kiziwi. Niliona ni dhambi kukaa nazo.

“Afadhali wamenipa mume,” alisema. Akalainisha karatasi ambayo haikuwa na kikunjo. “Alikuwa ni mama.”

Kiti nilichokalia kilikuwa cha mama yake. Walikaa wote chumba hicho miaka kumi na sita, kabla fundi na wapangaji wa sasa hawajahamia. Mama alisoma kwa kuweka kidole chini ya kila neno, na kila karatasi Shangazi aliyoandika, mama ndiye aliyeijaribu kwanza kwa mikono yake. Akikosea alimtupia maneno: kwa maandishi yako, mwanangu, tungeshaunguza nyumba ya watu. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo Shangazi alikuwa anaandika kama yeye mwenyewe na kusoma kama mama. Alikuwa anamuuliza, anampa nafasi, anaendelea.

“Nilidhani namjua vya kutosha,” alisema. “Nilidhani najua atakwama wapi.”

Nilimpa Bonge upande wa pili wa titi, tukakaa.

Kufikia Jumatano nilisoma ukurasa wote mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Nikaunganisha vipande viwili vya waya kwenye kitofali, nikachomeka ncha ndogo ubavuni mwa kompyuta, nikachomeka ncha kubwa kwenye tundu la umeme ukutani. Taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka, kama karatasi ilivyosema. Shangazi alinirudisha tena mara tatu, na mara zote tatu taa ikawaka. Akasema kesho tutasoma mara ya mwisho, ya kutimiza tu, halafu ataupeleka.

Alhamisi Bonge aliamka na joto la meno. Hakutaka mgongo, hakutaka kuwekwa, na alipolala saa nne nilimlaza kitandani kwangu nikaogopa kuondoka. Shangazi alipoona sifiki akaja mwenyewe, kompyuta kifuani, waya shingoni kama daktari. Alisimama mlangoni mpaka nilipomwambia apite. Nadhani ilikuwa muda mrefu hajaingia chumba cha mtu.

Akakaa kwenye ndoo niliyoigeuza. Nikaweka kompyuta kwenye stuli, nikaanza. Kitofali, ncha ndogo, ncha kubwa ukutani. Karatasi ikasema: Taa ndogo ya rangi ya chungwa itawaka ubavuni. Ukiiona, kompyuta inapokea umeme.

Taa haikuwaka.

Nilichomoa nikachomeka tena. Nikasoma upya, kidole chini ya maneno. Nilikuwa nimefanya kila kitu. Nikajaribu mara ya tatu, nikawaza mate ya Bonge kwenye waya siku ile, na kompyuta ile ni ya zahanati, na Ijumaa ni kesho. Nikamtazama Shangazi. Alikuwa amekalia mikono, sheria yake ameishikilia kwa meno.

“Nimeiharibu,” nilisema. “Shangazi, nisamehe, nimeiharibu.”

Macho yake yalifuata waya kutoka kwenye kompyuta, yakapita kwenye kitofali, yakapanda ukutani mpaka kwenye tundu. Yakabaki hapo. Kisha akatoa mkono mmoja, akainama, akabonyeza swichi ndogo iliyo juu ya tundu. Taa ya rangi ya chungwa ikawaka.

Tulikaa tunaitazama kama wajinga wawili.

“Nani aliizima?” aliuliza.

“Mimi.” Nikamwonyesha kitandani. “Huyu anaingiza vidole. Nikitoa simu tu, nazima.”

“Kila siku?”

“Kila mara. Mwenye mtoto anayetambaa haachi swichi imewashwa.”

“Na ukichaji simu unaiwasha.”

“Ndiyo.”

“Sasa mbona hii hukuiwasha?” Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa ameshika kalamu.

Nikafikiri, maana nilitaka nimpe jibu la kweli. Simu yangu mkono unaijua wenyewe, siwazi. Lakini kitu kile hakikuwa changu, kilikuwa kikubwa, na nilikuwa nimepewa karatasi. Nikipewa karatasi huwa natii. Karatasi ikisema vitu vitatu, nafanya vitatu, sijiongezei cha nne nisije nikaambiwa nimejitia ujuaji.

“Haikuandikwa,” nikasema.

Akarudia polepole, “Haikuandikwa.” Akaendelea kukaa kwenye ndoo. “Mama alikuwa anazima. Kila jioni anazunguka chumba, taa, jiko, redio, tundu zote, tap, tap, tap. Tumegombana miaka kwa jambo hilo. Nilikuwa naamka simu yangu haina kitu.” Akafuta miwani kwa upindo wa blauzi. “Swichi yangu haijazimwa tangu alipoondoka. Aizime nani? Mimi nachomeka, inawaka. Miaka mitatu nachomeka, inawaka. Nikaandika hivyohivyo, kwamba ukichomeka itawaka.”

Halafu akaanza kuongea haraka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kwenye zahanati jioni mhudumu anafunga madirisha na kuzima kila tundu, ndiyo kazi yake. Asubuhi muuguzi anakuja, anachukua karatasi, anafanya yote yaliyoandikwa, na anasubiri taa. Hajiongezei, kwa sababu kitu ni cha serikali. Anasubiri siku mbili, kisha anaandika mbovu, haiwaki.

“Ishirini na mbili,” alisema.

Aliandika palepale, karatasi juu ya goti. Akanipa. Ulikuwa mstari mpya kabla ya ule wa taa: Tazama swichi iliyo juu ya tundu hilo. Ibonyeze upande wa kuwasha. Huenda mtu mwingine aliizima.

“Zima,” akaniambia, akaikalia tena mikono yake. “Anza mwanzo.”

Ijumaa saa nane mchana kijana wa ofisi alipiga simu. Nilikuwa kwake, Bonge amepona, anasinzia begani kwangu. Simu ya Shangazi haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, kwa hiyo nilisikia yote.

“Shangazi, ukurasa umefika. Nimempa mlinzi wa getini aujaribu. Nikaizima swichi makusudi.”

“Akakwama wapi?”

“Hakukwama.”

“Kila mtu hukwama.”

“Hakukwama, Shangazi. Dakika tatu amemaliza. Tutauchapa.” Nilimwona akishika ukingo wa meza. “Ila hapa pa mwisho, huenda mtu mwingine aliizima. Tunapahitaji? Si inatosha kumwambia awashe?”

“Ukimwambia awashe tu, ataona unamwita mzembe. Si yeye aliyeizima. Mwambie.”

“Mtu mwingine mwenyewe ni nani?”

“Yupo kila mahali penye watu.”

“Haya, pabaki. Na kazi ziko nyingine mbili, za friji za chanjo na mizani za watoto, nitakutumia. Halafu kitu kingine. Kuanzia sasa, ukimaliza kuandika sisi tutapeleka kwenye zahanati moja wauguzi waisome, mtu wetu akae nao. Wewe huna haja tena ya kutafuta msomaji. Utapumzika.”

“Asante,” alisema Shangazi. “Asante sana.”

Akaiweka simu kifudifudi. Nilimpa hongera, akaipokea. Alikusanya karatasi zangu zote za wiki ile, zile zenye alama za mahali nilipokwama, akaziweka kwenye faili jipya, akaandika kitu mgongoni mwa faili, akalipanga mwisho wa rafu. Alifanya taratibu. Mimi nami sikuwa na haraka. Nilikuwa nawaza kesho saa nne, kitanda, ukuta, na simu ambayo itaita labda Jumapili.

“Basi, Shangazi, niwaache mpumzike,” nilisema, kwa heshima, ingawa alikuwa peke yake.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

“Binti, nikuombe kitu. Ukiona hakifai, sema hakifai.” Alisimama, mikono hajui aiweke wapi. “Asubuhi ukifua nakuona kutoka dirishani. Unasugua nguo moja, unapanda ngazi kumwangalia mtoto, unashuka, unasugua nyingine. Kitanda changu kinakaa kitupu mchana kutwa. Alale hapa. Mlango nitauacha wazi, tundu zote nitazizima, na akigeuka tu nitakuita. Mimi naandika pale mezani, sitamsumbua. Nataka nikinyamaza nisikie mtu anapumua humu ndani.”